Kochi Lililobonyea Upande Mmoja

Bogotá, 4 Machi 1974

Mama,

Naomba baraka zako.

Usishtuke ukiona wapagazi mlangoni. Wiki ijayo lori litafika Magangué, na mizigo yako itavushwa kwa boti hadi Mompox. Octavio na mimi tunabadilisha nyumba, na vitu hivi bado ni vizima kabisa. Kuna kochi la chini la ngozi nyeusi, la watu watatu, meza ya kioo, viti viwili vyeupe vya plastiki vya mviringo kama yai lililokatwa, na taa ya kusimama yenye shingo ndefu iliyopinda. Vyote nilivichagua mwenyewe, kimoja kimoja. Najua utasema nini, lakini jaribu kwanza.

Mama, ile sebule imejaa mno. Nakumbuka yale maua yaliyochongwa kwenye migongo ya viti, na mimi kila Jumamosi na kitambaa changu nikitoa vumbi kwenye kila jani. Nyumba ya kisasa inampa mtu nafasi. Unaingia, macho yanapumzika, hakuna kitu kinachokudai. Hapa ofisini nawachorea watu nyumba za namna hiyo kila siku, na wanashukuru.

Vile viti vyako vinne vya bembea havitaenea pamoja na vitu vipya. Nimezungumza na mtu wa hoteli moja kule Cartagena anayevitaka, na wapagazi wataondoka navyo. Naomba jambo moja tu: viti vyeupe usivitoe nje, jua la huko litavigeuza manjano.

Octavio anakusalimu sana. Barua zako zitume kwenye sanduku la posta la ofisini, maana mlinzi wa jengo letu anachanganya barua za watu.

Mwanao,
Nereyda


Mompox, 21 Machi 1974

Binti yangu,

Mungu akubariki na akuepushe na baridi ya huko.

Mizigo imefika, na hakuna kilichovunjika isipokuwa subira ya wapagazi. Umeniambia nijaribu kwanza. Nimejaribu, sasa niache niseme.

Kochi ni zuri kulitazama. Kulikalia ni habari nyingine. Mtu anazama mpaka magoti yanakaribia kidevu, na mwanamke wa umri wangu hawezi kuzungumza mambo ya maana akiwa na magoti kidevuni. Halafu hiyo ngozi. Aliyelichora hajawahi kuvaa gauni jepesi saa nane mchana hapa Mompox. Nikiinuka linaning'ang'ania mapaja, na sauti inayotoka siwezi kuiandika kwenye barua.

Meza ya kioo nimeifunika kitambaa. Utakasirika, najua. Lakini nilikuwa nakunywa kahawa huku naitazama miguu yangu mwenyewe, na miguu yangu siku hizi si kitu cha kutazamwa. Taa naiogopa kidogo, inaniinamia kama daktari. Viti vyeupe, kusema kweli, vimenishangaza, maana vinampokea mtu vizuri kuliko sura zao. Sijavitoa nje, kama ulivyoagiza.

Mama yako wa ubatizo, Sixta, amevisifu vyote, na watu wa mtaa wetu wa Calle del Medio wanapita kuja kuangalia. Nyumba haikosi wageni.

Jambo moja tu. Kochi limebonyea upande mmoja, ule wa kushoto. Kwingine kote ni kama limetoka dukani jana. Nani alikuwa anakaa hapo?

Mama yako,
Etelvina


Bogotá, 6 Aprili 1974

Mama,

Naomba baraka zako.

Nimecheka ofisini mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Ondoa kitambaa, tafadhali. Meza ya kioo imetengenezwa ili isionekane, ili chumba kibaki chumba. Wewe umeifanya ionekane kuliko meza yoyote mjini. Na kochi halikaliwi wima kama kanisani. Unaegemea, unakunja miguu, unaiachia siku iende zake.

Upande wa kushoto alikuwa anakaa Octavio akisoma gazeti. Unajua alivyo, akipata mahali pake hahami.

Sijakueleza nyumba mpya ikoje. Tumeiacha karibu tupu. Wabunifu wazuri siku hizi wanataka vitu vichache sana: kitanda chembamba, meza ndogo, kiti kimoja, dirisha. Kuta nyeupe, hakuna picha. Mwanzoni mtu anaona kama kuna kitu kimesahauliwa, baadaye anazoea. Asubuhi mwanga unaingia mpaka kitandani na hakuna chochote cha kuuzuia.

Octavio ana kazi nyingi, ndiyo maana haandiki. Juma Kuu hatutaweza kuja mwaka huu pia. Msalimie Sixta na wageni wako wote. Nafurahi kwamba nyumba imechangamka.

Mwanao,
Nereyda


Mompox, 2 Mei 1974

Nereyda,

Mimi si mtu wa barua, kwa hiyo nitauliza moja kwa moja. Nimemkosea nini mama yako?

Umekulia mtaa huu. Jua likishuka kila mtu anatoa viti vyake mbele ya mlango, na kiti kikiwa nje maana yake ni karibu, lete na chako tuongee. Nyumba isiyotoa kiti ina msiba au ina ugomvi, na jioni haipigiwi hodi. Mama yako hajatoa kiti tangu yale makochi yenu yafike. Msiba hana, ningejua, maana mimi ndiye ningemwoshea maiti wake. Basi ni ugomvi, na wa kugombana naye ni mimi, kwa sababu miaka yote hii kiti changu kimekuwa kando ya chake.

Juma Kuu lote alikuwa ndani. Maandamano ya Ijumaa Kuu yalipita, watu wamejaa na viti vyao kuanzia kanisani, na yeye nilimwona amesimama nyuma ya nondo za dirisha. Nikamwinamishia kichwa, naye akaniinamishia. Ndivyo tunavyosalimiana siku hizi, kama watu waliokutana benki.

Watu wanasema amepata vitu vya Bogotá sasa anatuona washamba. Mimi sijaviona vitu hivyo, sijaalikwa. Kama ni kiburi, mwambie kimechelewa, tumeshazeeka. Kama ni kosa langu, niambie ni lipi nikaombe radhi. Na mimi siku hizi sikai nje sana. Kukaa na ukuta kunachosha.

Mama yako wa ubatizo,
Sixta Pupo


Bogotá, 13 Mei 1974

Mama,

Naomba baraka zako, ingawa leo sistahili.

Sixta ameniandikia. Kumbe hajaingia hata mara moja. Kumbe hakuna anayeingia. Mama, uliniandikia kwamba nyumba haikosi wageni, na mimi nikakaa hapa nafurahia wageni ambao hawapo.

Vile viti vya bembea nilivifikiria kama vitu vya sebuleni. Nilikaa na karatasi ya kuchorea nikaona vinakula nafasi, nikavifuta. Mambo ya jioni hayakunijia hata kidogo. Nimeishi miaka mingi kwenye jengo ambalo watu wakikutana kwenye ngazi wanatazama funguo zao, na nimeshakuwa mmoja wao. Niliondoa viti vya watu wote waliokuwa wanakuja kwako, na nilikuwa najisifu kwamba nimekupa nafasi.

Nimempigia simu yule mtu wa Cartagena. Ameshaviuza kwa watalii, hajui hata waliondoka kwenda nchi gani. Nimelia ofisini, tena mbele ya mteja.

Toa viti vyeupe, Mama. Vitoe leo hii, viache vigeuke manjano. Na kwa nini hukuniambia?

Nereyda


Mompox, 28 Mei 1974

Binti yangu,

Mungu akubariki. Acha kulia mbele ya wateja, watadhani ni bei.

Sikukwambia kwa sababu barua yako ya kwanza ilikuwa na furaha, na siku nyingi nilikuwa sijaona furaha kwenye mwandiko wako. Nikaona nikisema lolote nitakuvunja moyo. Pia, nikiri, nilitaka uone kwamba mama yako si mshamba, anaweza kukaa kisasa. Basi nikakaa kisasa. Jioni nilifunga mlango, nikawasha ile taa, nikasikiliza watu wakicheka mtaani.

Viti vyeupe nimevitoa. Jioni ya kwanza hakuja mtu. Walidhani nimevitoa vikauke. Yule muuza jibini akasimama akauliza kama nimempangishia chumba daktari wa meno. Niliingia ndani mapema. Kesho yake nikatoa tena, na saa kumi na mbili Sixta akavuka barabara anakokota kiti chake cha bembea, uso umekunjwa. Hakuuliza kitu, wala mimi sikueleza. Tukaongea habari za bei ya samaki. Kisha akaomba ajaribu changu. Akakaa, akajitikisa, kiti hakiendi popote.

"Ni kizuri," akasema, "ila kimetulia mno. Sasa nitajuaje umekasirika, kama hubembei?"

Basi hayo yameisha. Sasa wewe.

Umesema Octavio alikuwa anakaa upande wa kushoto. Octavio ni mtu wa kilo mia moja, angeacha shimo. Pale pamebonyezwa na mtu mwembamba aliyekaa muda mrefu sana amekunja miguu, na kwenye ngozi kuna alama ndogo za visigino. Meza nayo ina duara la kikombe kimoja, mahali pamoja. Halafu unaniandikia nyumba mpya ina kitanda chembamba na kiti kimoja. Nimeishi na marehemu baba yako, na godoro letu lilizama pande zote mbili. Najua vitu vya watu wawili vinavyochakaa.

Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona tangu Machi. Miezi yote hii nimekuwa nikikaa palepale ulipokaa, maana pamenitosha.

Mama yako,
Etelvina


Bogotá, 10 Juni 1974

Mama,

Octavio aliondoka Septemba. Ana mwanamke mwingine, na nasikia ana mtoto njiani. Lakini alikuwa ameshaondoka kabla ya kuondoka, kwa namna fulani. Alikuwa anarudi usiku anapita moja kwa moja kwenda chumbani, na mimi niko pale upande wa kushoto na kikombe changu. Akisema usiku mwema, alikuwa anaiambia ile taa.

Nyumba niliiacha Februari. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja hapa mtaa wa Chapinero. Kile nilichokueleza kuhusu wabunifu na vitu vichache ni chumba hiki. Vile vitu Octavio hakuvitaka, humu havienei, na kuviuza kwa watu nisiowajua nilishindwa. Nilivichagua nikiamini kwamba nikiipanga nyumba vizuri, mtu atapenda kukaa ndani yake. Nilibadilisha mapazia mara tatu. Nilisogeza kochi dirishani, nikalirudisha. Kila nilipomaliza nilimwita aje aone, akasema pazuri, akachukua funguo za gari.

Uliniuliza zamani kwa nini siji. Sababu ni ile harusi. Unakumbuka nilivyotembea kutoka nyumbani mpaka kanisa la Santa Bárbara, na Calle del Medio nzima wametoa viti, wamevaa, wanapiga makofi? Ukitoka kwenye boti kuja kwako hakuna njia nyingine. Siwezi kupita mbele ya watu walewale, wamekaa vilevile, na mimi na sanduku langu. Nimejaribu kujifikiria mpaka mlango wa tatu, pale nashindwa.

Usimwambie mtu, Mama. Hata Sixta. Ninakuomba sana.

Nereyda


Mompox, 20 Juni 1974

Mwanangu,

Mungu akubariki, akubariki tena.

Sitamwambia mtu. Nitakuambia wewe.

Humo chumbani unaganda. Wewe ni mtu wa joto, ulikuwa mtoto wa kulala sakafuni mchana. Njoo. Omba likizo, sema mama anaumwa, na uongo huo nitaubeba mimi kwa padri. Panda basi mpaka Magangué, kisha boti ya Jumamosi ya tarehe 6 Julai, ile ya mchana. Nitakuwa gatini. Nitakushika mkono na tutapita wote wawili, mimi upande wa milango, wewe upande wa barabara. Wakikutazama watanitazama mimi kwanza, na mimi nimenenepa, nazuia vizuri.

Chumba chako nimekifungua madirisha. Nimetoa kitambaa kwenye ile meza, nimeipangusa, na ninakiri kwamba asubuhi mwanga ukiipiga ni nzuri kweli. Sixta ataleta peremende za ndimu za kumtosha askofu, na hatauliza kitu kwa sababu nimemwambia nina mgeni, basi.

Jumamosi ya tarehe 6. Usinijibu, barua itachelewa. Panda tu.

Mama yako,
Etelvina


Bogotá, 9 Julai 1974

Mama,

Sijui kama nina haki ya kuomba baraka.

Nilifika Magangué. Nataka ujue kwamba nilifika. Nililala hotelini karibu na gati, asubuhi nikavaa gauni la bluu, nikakata tiketi, nikasimama kwenye foleni. Mbele yangu walikuwa watu wa kwetu. Yule mwanamke wa duka la vitambaa alinitambua. "Nereyda, mtoto wa Etelvina!" akasema. "Mume yuko wapi? Au anakuja nyuma na mizigo?"

Nikamwambia ndiyo, anakuja nyuma na mizigo. Nikarudi kana kwamba naenda kumsaidia. Nikakaa nyuma ya ghala la mchele mpaka nikasikia injini ya boti inaondoka, kisha nikapanda basi.

Njia nzima nilikuwa nakufikiria gatini. Najua ulivaa viatu vile vya kanisani vinavyokuumiza. Sasa niko chumbani, kwenye kiti changu kimoja. Samahani, Mama. Usinisubiri tena, sifai kusubiriwa.

Nereyda


Mompox, 20 Julai 1974

Mwanangu,

Mungu akubariki. Haki ya baraka huombi, unazaliwa nayo.

Nilivaa viatu hivyo, na viliniuma. Boti ilipoteremsha watu wote, yule mwanamke wa vitambaa alinijia akasema mmekawia na mizigo, wewe na Octavio. Nikamshukuru. Nikakaa kwenye ngazi za gati mpaka mwenye boti akafunga kamba huku akikwepa macho yangu. Nilikaa pale nikiwa mpweke zaidi, Nereyda, kuliko miezi ile ya nyuma ya dirisha.

Kisha ilibidi nirudi nyumbani, na ilikuwa saa ya viti.

Mlango wa kwanza wakauliza, "Etelvina, mgeni wako yuko wapi?" Nilikuwa nimeshatayarisha uongo, kwamba umeshikwa na homa. Nikafungua mdomo, nikakuona umejificha nyuma ya ghala la mchele, ingawa wakati ule sikujua kama kuna ghala. Uongo ukanishinda. Nikasema, "Ni mwanangu. Mumewe amemwacha, na anaona haya kupita mbele yenu."

Nilikuahidi sitasema. Nimesema. Nilisema mlango wa pili, na ule wa tatu unaokushinda, nikasema kila palipokuwa na kiti nje, mpaka kwangu. Sikuruka hata mmoja. Walinipa maji, wakanipa kahawa, mahali pengine nilivua viatu. Mke wa muuza dawa alilia. Jirani yake akasema mumewe naye ana nyumba ndogo Magangué, jambo ambalo sote tulikuwa tunalijua na yeye hajawahi kulisema. Wapo waliofurahi, sitakudanganya. Na wapo waliouliza maswali ambayo mtu hamwulizi hata adui. Yote niliyajibu. Mwisho nilikaa kwa Sixta, naye akabembea taratibu mpaka giza likaingia.

Nikasirikie. Una haki. Ukimaliza kukasirika, panda boti yoyote, saa yoyote. Aibu yako nimeipitisha mtaa mzima kwa miguu yangu, na imekwisha njiani. Hakuna atakayekuuliza kitu hapa, mwanangu. Wameshaniuliza mimi.

Mama yako,
Etelvina